TAHARIRI: BUSTANI IPIMWE KWA NDOO, SIYO KWA JEMBE



Masika yakishakatika mwezi Mei, Maisaka hubadilika sura. Juni na Julai ni baridi ya asubuhi. Agosti mpaka Oktoba ni upepo na vumbi, nyasi zinakauka, na mboga sokoni inapanda bei. Ziwa Babati tunaliona pale na maji yake, lakini ziwa halimwagilii bustani ya mtu anayeishi mbali nalo. Wala asidhani mtu kwamba dawa ni kwenda kulima kandokando yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Kila mwaka tunashuhudia jambo lile lile. Wakati wa mvua kila nyumba ina mchicha, mpaka mwingine unakomaa bila mlaji. Mtu anaona ardhi laini, anachukua jembe, anafungua bustani kubwa kama kiwanja cha mpira. Ikifika Julai bustani imekufa, naye anasema: "Hapa petu hapafai mboga, jua kali." Ndugu, jua halina kosa. Kosa liko kwenye kipimo. Wakati wa mvua unaweza kupima bustani kwa nguvu ya jembe. Wakati wa kiangazi lazima uipime kwa ndoo.

Hesabu yenyewe ni hii. Mboga kwenye jua na upepo inahitaji kama lita 5 za maji kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 inatosha tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Nyumba inayoweza kutoa ndoo 2 kwa siku ilime matuta 2, basi. Anayelima matuta 10 kwa ndoo 2 hamwagilii mboga, analowesha vumbi tu.

Na tuulizane: hizo ndoo anabeba nani? Mara nyingi ni mama na watoto wa shule. Bustani iliyozidi maji siyo uhodari, ni kumwongezea mama mzigo kichwani. Baba anayetaka bustani kubwa na ashike ndoo kwanza.

Yapo mambo ya kusaidia maji yasipotee. Kwanza, kiangazi tusiinue tuta, tulizamishe kiasi cha shibiri moja, ili maji yakae na upepo upite juu. Pili, tutandaze nyasi kavu au maganda ya mbaazi, unene wa vidole vinne. Tatu, tuweke samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza miche. Nne, tumwagilie asubuhi na mapema au jioni, siyo saa sita. Tano, maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe uani. Ya vyombo nayo yanafaa kama sabuni ni kidogo, ila yamwagwe chini kwenye udongo, siyo juu ya majani.

Mvua nayo tuikinge. Bati la mita 5 kwa 8 likipata mvua ya milimita 20 hutiririsha kama lita 800, yaani ndoo 40. Hata zikipotea kadhaa njiani, pipa linajaa. Pipa halitatuvusha kiangazi chote, tusidanganyane. Lakini mvua za vuli zikikatika ghafla, litaokoa miche.

Tuchague pia cha kupanda. Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne. Sukuma wiki unakawia kidogo, lakini ukishaanza kuchuma unachuma miezi. Kunde na mgagani zinavumilia jua. Mnafu na nyanya chungu tusizidharau kwa kuwa ni za kienyeji. Kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha tangu 1992 kinatunza mbegu za mboga hizi hizi ambazo sisi tunazing'oa kama magugu. Na kila nyumba iache miche michache ikomae itoe mbegu, ili tusiende dukani kila msimu.

Wapo watakaosema: "Yote hayo ya nini? Nitauza mbaazi ninunue mboga." Haya. Lakini tukumbuke mwaka 2017. India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka, na sisi watu wa Babati tulikaa na magunia ndani. Mbaazi inangoja mnunuzi wa ng'ambo. Mchicha wa nyuma ya jiko haumngoji mtu. Tena utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mboga peke yake haiondoi udumavu, lakini ugali mtupu hauuondoi kabisa. Wazee wetu waliambiwa hayo mwaka 1975 katika kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai. Jambo bado ni lile lile.

Halafu raha yake je? Kiangazi chote kimekuwa kahawia, wewe nyuma ya nyumba una kijani. Mgeni anabisha hodi jioni, mama hatumi mtoto dukani, anachuma. Mtoto aliyepanda mche wake mwenyewe anaula bila kubembelezwa. Jirani anaomba majani ya maboga leo, kesho anakuletea mbegu. Raha hii haina mizani, lakini aliyeionja anaijua.

Linabaki jambo moja zito: mbuzi na kuku. Mtu anabeba ndoo miezi miwili, mbuzi anamaliza kazi yote kwa dakika kumi. Hapo ndipo majirani wanapogombana na salamu zinakatika. Mwenye bustani anasema funga mbuzi, mwenye mbuzi anasema weka uzio. Wote wawili wana haki, na wote wawili wana kazi. Uzio tunao bure. Mnyaa ule tunaouita manyara unashika kwa kipande tu, na ndio unaotajwa kuwa asili ya jina la Ziwa Manyara na hata la mkoa wetu ulioanzishwa 2002. Tahadhari iwe moja: utomvu wake ni hatari kwa macho, watoto wasiuchezee.

Tahariri hii inapendekeza mkutano ujao wa ushirika ukubaliane mambo mawili. Kila nyumba iwe na matuta yasiyozidi ndoo zake, na yawe yamezungushiwa uzio kabla ya Juni. Na kila mwenye mifugo aifunge au awe na mchungaji, kiangazi na masika. Tukikubaliana, tukaguane wenyewe kwa wenyewe, bila kuoneana haya.

Ndugu, Oktoba haiko mbali. Kila mmoja leo jioni ahesabu ndoo zake.

Mhariri