Dhahabu ya Mfalme Katika Shamba la Sutton Hoo

Mashariki ya Uingereza, katika jimbo la Suffolk, pana mahali paitwapo Sutton Hoo, penye vilima vya udongo karibu na mto Deben. Mwenye shamba hilo, Bibi Edith Pretty, alitamani kujua vilima hivyo vimeficha nini. Akamwajiri Basil Brown, mtu aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 12, akalima, kisha akajifunza mwenyewe kazi ya kufukua mambo ya kale.

Mwaka wa 1939 Brown aliona misumari ya chuma iliyopangwa kwa safu mchangani. Ilikuwa ya merikebu ya makasia, urefu wake mita 27. Mbao zilikwisha kuoza, lakini mchanga ulishika umbo lake lote. Naye kwa uvumilivu mwingi hakuliharibu. Habari zilipoenea, Charles Phillips wa Chuo cha Cambridge alipewa uongozi wa kazi, na Brown akawekwa chini yake.

Merikebu hiyo ilikuwa kaburi. Waanglo-Saksoni, waliovuka bahari kutoka nchi ambazo leo ni Ujerumani na Denmark, walimzika humo mkubwa wao mwanzoni mwa karne ya 7. Wataalamu wengi hudhani ni Raedwald, mfalme wa East Anglia.

Zama hizo zilizoea kuitwa zama za giza. Basi na litazamwe bizimu la mshipi wa mfalme huyo, la dhahabu, lenye uzito wa gramu 412. Juu yake wamechorwa wanyama 13, miili yao imesokotana kama ukili. Mtu akitazama mara moja huona mafundo tu. Akitulia huona jicho, halafu taya, halafu mguu. Katika vipambo vya mabegani, sonara alikata vito vyekundu vyembamba mno, na chini yake akatandika karatasi ya dhahabu yenye mistari midogo, ili nuru ipenyayo irudi iking'aa. Palikuwa pia na sahani kubwa ya fedha yenye mihuri ya Kaisari Anastasius wa Konstantinopoli, na sarafu 37 za dhahabu kutoka nchi ya Wafaranki. Mkono uliofanya kazi hiyo haukuwa wa mtu wa gizani.

Ikabaki kujua mali ni ya nani. Kwa sheria ya wakati ule, iliyobadilishwa mwaka wa 1996, dhahabu iliyofichwa na mtu aliyekusudia kurudi kuichukua ilikuwa ya Mfalme. Mwezi wa Agosti 1939 baraza la wazee wa mahakama likakutana kijijini, likaona kwamba aliyemzikia maiti mali yake mbele ya watu hakukusudia kuifukua. Kwa hiyo yote yalikuwa ya Bibi Pretty. Naye hakuuza hata kitu kimoja; aliyatoa yote kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza. Vita vilipoanza Septemba, hazina ile ilifichwa tena chini ya ardhi, katika njia ya reli ya London, ikakaa humo mpaka amani iliporudi.