Dhiki ya Wazee Isihesabiwe Kuwa Uzee

Ni kosa kubwa kuidhania huzuni ya mzee kuwa sehemu ya uzee wenyewe, kwa maana dhana hiyo huwafanya walio wazima waache kuuliza na walio taabani waache kusema. Dhiki ya nafsi, yaani hali ya mtu kuelemewa na hofu na majonzi hata akakosa usingizi na hamu ya chakula, ina sababu zake, na penye sababu hutafutwa nafuu.

Katika mtaa wa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, sababu hizo haziko mbali. Mrundi aliyezaliwa mwaka 1952 alikuwa na miaka 20 yalipotokea mauaji ya 1972. Alikuwa na miaka 41 Rais Melchior Ndadaye alipouawa, Oktoba 1993, vikafuata vita vilivyowatenga Wahutu na Watutsi waliokuwa wakikaa ua kwa ua. Na alikuwa na miaka 63 risasi ziliporindima tena mwaka 2015, Mutakura ikiwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi, vijana wakauawa na wengine wakakimbilia nchi za nje. Mzee wa namna hiyo hakuzika msiba mmoja akapumzika, bali kila msiba ulimkuta bado anaomboleza uliotangulia, na watoto ambao wangemtunza mara nyingi wako ugenini, ilhali pensheni ni ya wachache waliopata ajira rasmi.

Juu ya hayo kuna kimya. Warundi husema kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na ustahimilivu huo uliwawezesha wengi kuishi tena jirani na waliowatendea mabaya; lakini kunyamaza si kupona, na maumivu yasiyosemwa hujitokeza kwa kuumwa kichwa, hasira za ghafla au pombe.

Kwa hiyo inawapasa watoto na wajukuu wamuulize mzee alivyolala, si alichokula tu. Inawapasa viongozi wa kanisa na msikiti wamfuate nyumbani anapoadimika ibadani. Na dhiki inapozidi, apelekwe kwa waganga wa maradhi ya akili katika kituo cha Kamenge, kilicho jirani, pasipo familia kuona haya. Desturi ya Burundi imewapa wazee, kupitia baraza la Bashingantahe, kazi ya kusikiliza na kusuluhisha magomvi ya wengine. Ni dhuluma basi kuwadai wazee masikio yao na kuwanyima ya kwetu.