KITI CHA MFANYI KAZI KATIKA BARAZA LA CHUO



Sisi watu wa Kiirua tunauza viazi ili tusomeshe watoto Chuo Kikuu cha Meru, kule Nchiru. Ardhi ya chuo kile ilitolewa na wazee wa Njuri Ncheke, na chuo ni mali ya umma. Basi tuna haki ya kuuliza: nani anakitawala?

Zamani Rais ndiye alikuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha Serikali, mpaka mwaka 2003. Desturi hiyo ilipokoma tulishukuru. Lakini Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliweka baraza la watu tisa: mwenyekiti na wajumbe watano wa kuteuliwa na Waziri, makatibu wawili wa wizara, na Makamu wa Chansela mwenyewe. Mwalimu, karani, fundi na mpishi hawakupewa kiti hata kimoja. Mwanafunzi naye hakupewa.

Tumeona matokeo. Januari 2020 baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimchagua Makamu wa Chansela. Waziri akamfuta, akalivunja na baraza, na kesi ikaenda kortini. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49, tangu 17 Septemba hadi 5 Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Hebu fikirini! Mtu akichukua gunia la viazi sokoni kwetu asilipe miaka minne, tungemwitaje?

Na 27 Februari 2018, hapo hapo Nchiru, katibu wa chama cha wanafunzi aliuawa kwa risasi siku ya maandamano. Hatusemi kiti barazani kingemwokoa. Twasema manung'uniko yasiyo na mlango wa kuingilia hutoka barabarani.

Wakubwa watajibu kwamba mfanyi kazi akiketi barazani atadai mshahara tu. La. Mpishi hujua chakula kimepunguzwa kabla ya mkaguzi wa hesabu kufika, na karani ndiye aandikaye hundi.

Twataka viti viwili vya wafanyi kazi na kimoja cha wanafunzi, wote wachaguliwe kwa kura ya siri, na hesabu za chuo zisomwe mbele ya wafanyi kazi kila mwaka. Tawi letu lilijadili neno hili katika mkutano, na barua kwa Mbunge inaandikwa. Anayetaka kutia sahihi amwone katibu.