Hekima ya Mtumba

Mpenzi wa mashairi wa pwani akitajiwa Omar Khayyam, kitabu kinachomjia akilini mara moja ni kile cha Shaaban Robert, Omar Khayyam kwa Kiswahili, kilichotoka katika miaka ya 1950. Beti zake zimesomwa na vizazi, na wapo wazee wanaozijua kwa ghibu. Wachache mno hujiuliza ni Khayyam yupi asemaye ndani ya beti hizo. Shaaban Robert hakufasiri kutoka Kiajemi. Alifasiri Kiingereza cha Edward FitzGerald, bwana aliyekwisha kupita miaka arubaini alipoanza kujifunza Kiajemi, na aliyezitoa tungo zake mwaka 1859.

FitzGerald mwenyewe hakuficha alichokifanya. Katika barua aliyompelekea mwalimu wake, Edward Cowell, mwaka 1857, alikiri kwamba ilimburudisha kujichukulia uhuru autakao mbele ya Waajemi hao, kwani kwa maoni yake hawakuwa washairi wa kumtia mtu hofu. Mwaka 1899 Edward Heron-Allen alikaa akazilinganisha tungo hizo na asili zake, moja baada ya moja. Zilizofuata rubai moja ya Kiajemi kwa uaminifu zilikuwa takriban nusu tu. Nyingi katika zilizobaki zilishonwa kwa vipande vya rubai mbili au zaidi, na chache zilitokana na Attar na Hafiz, ambao ni washairi wengine kabisa.

Basi kilichofika Tanga na Unguja ni vazi lililokatwa Nishapur, likapunguzwa na fundi wa Uingereza kwa kipimo cha mwili wake, kisha likapakiwa kuja pwani. Mtumba huvalika, na aliyeufua na kuupiga pasi hupendeza. Lakini avaaye mtumba hawezi kudai kuwa kashonewa yeye. Shaaban Robert hapaswi kulaumiwa kwa hili hata chembe. Alipita katika mlango uliokuwa wazi kwake, na aliyoyaleta ameyaleta kwa Kiswahili kisicho na mfano. Wanaostahili lawama ni waliomfuata, ambao milango mingine imefunguka mbele yao nao wamekaa kizingitini wakisema kwamba tafsiri yatosha.

Jalaluddin Rumi amepatwa na makubwa zaidi. Maneno yanayosambazwa kwa jina lake leo, katika simu na katika kadi za harusi, mara nyingi chimbuko lake ni Mmarekani Coleman Barks, ambaye kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1995. Barks hakusoma Kiajemi. Alizichukua tafsiri za wataalamu wa Kiingereza, Nicholson na Arberry, akazipanga upya kwa lugha nyepesi ya wasomaji wa nchi yake. Katika kupanga huko, mengi yanayomfunga Rumi na Kurani yamefifia. Lakini katika Kiajemi chenyewe maneno ya aya hukaa ndani ya ubeti kwa Kiarabu chake. Mtoto wa Lamu au wa Pemba aliyehitimu chuoni angeyatambua papo hapo, ilhali msomaji wa Chicago hupita bila kujua kwamba pana kitu. Yaani aliye karibu na Rumi anamsoma kwa macho ya aliye mbali naye. Huo ni msiba, na ni wa kujitakia.

Ukaribu huo hauishii katika dini. Kiajemi, kama Kiswahili, hakitofautishi mume na mke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Neno lake ni moja, na hufanya kazi ile ile ya "yeye". Mpenzi anayeimbwa na Hafiz aweza kuwa mwanamke, aweza kuwa mwanamume, aweza kuwa mfalme, aweza kuwa Mola. Ghazali haifungui fumbo hilo, na utamu wake uko katika kutolifungua. Mfasiri wa Kiingereza hana njia ya kulihifadhi. Lugha yake humlazimisha achague, na akishachagua fumbo limekufa. Kisha anakuja mfasiri wa Kiswahili, mwenye "yeye" mkononi, lugha yake ikiweza kulibeba fumbo bila jasho. Lakini kwa kuwa anafasiri Kiingereza, anaandika "binti" au "bibi" pale ambapo Hafiz hakusema lolote. Mzigo uliokuwa upite moja kwa moja kutoka Shiraz hadi Mombasa umezungushwa London, na huko umepotezwa.

Hali ya vina ni hiyo hiyo. Rubai ina mishororo minne, na kina hukutana katika wa kwanza, wa pili na wa nne, wa tatu ukiachwa huru. Katika ghazali, kina hufuatwa mara nyingi na neno au kifungu kizima kinachorudiwa bila kubadilika mwishoni mwa kila ubeti, na umahiri wa mshairi ni kulipa neno hilo maana mpya kila linaporejea. Mtu aliyelelewa katika vina na mizani, anayejua kusubiri kituo cha shairi, hahitaji kuelezwa mara mbili uzuri wa jambo hilo. Lakini wafasiri wengi wa Kiingereza wameviacha vina hivyo njiani, na yule anayetafuta ufundi wa Hafiz katika maandishi yao huondoka akidhani kuwa Waajemi walikuwa watu wa mawazo matamu tu, wasio na ufundi.

Kwa Wayunani kinachopotea ni hoja yenyewe. Kitabu kikuu cha Plato kinaitwa kwa Kiyunani Politeia, maana yake mpangilio wa mji na maisha ya uraia ndani yake. Kwa Kilatini kikaitwa Res publica, kwa Kiingereza Republic, na kwa Kiswahili wapo wanaokiita Jamhuri. Mwanafunzi hukifungua akitaraji kusoma habari za nchi isiyo na mfalme, akamkuta Plato akitaka wanafalsafa wawe wafalme. Hushangaa, huona kwamba Plato anajipinga, na kosa lote limo katika jalada.

Lipo pia neno arete. Katika kitabu hicho hicho Plato huzungumzia arete ya farasi na ya mbwa, ya macho na ya masikio. Kiingereza cha zamani kilizoea kuliita "virtue", na kutoka hapo likaingia katika Kiswahili kama wema au uadilifu. Nani amepata kuona jicho adilifu? Hoja ya Socrates huporomoka hapo hapo. Lau mfasiri angekuwa na Kiyunani angeona kwamba neno "ubora" li tayari: ubora wa farasi, ubora wa jicho, ubora wa mtu, na hoja ingesimama kwa miguu yake. Aristotle naye, katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nicomachus, hujadili eudaimonia, na huuliza iwapo mtu aweza kuhesabiwa kuwa nayo kabla ya mwisho wa umri wake. Kwa kupitia Kiingereza neno hilo limekuwa "furaha". Furaha humjia mtu mchana ikamtoka jioni, na swali la Aristotle juu yake huwa upuuzi. Kiswahili kina "heri", neno linaloweza kusemwa juu ya maisha mazima. Hazina imo nyumbani, na ufunguo umeachwa kwa jirani.

Watetezi wa mtumba wana hoja zao, na hoja ya kwanza ina uzito. Husema kwamba Farabi, Ibn Sina na Ibn Rushd walifikia kilele cha falsafa wakitegemea tafsiri za Kiarabu, na hakuna awezaye kusema kwamba akili zao zilikuwa za mtumba. Ni kweli. Lakini wanafalsafa hao walikuwa na nyuma yao watu waliosoma asili. Hunayn bin Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alikijua Kiyunani, Kisiria na Kiarabu. Ameeleza jinsi alivyokusanya nakala kadhaa za kitabu kimoja ili azisahihishe kwa kuzilinganisha, na jinsi alivyokitafuta kitabu kimoja cha Galen katika Iraq, Sham, Palestina na Misri, akapata kama nusu yake tu mjini Damascus. Baghdad ilikuwa na Hunayn. Leo wanaokitetea Kiingereza hawana Hunayn wao, wala hawamtaki.

Tena yafaa kutazama yaliyompata Ibn Rushd pale msingi ulipokosekana. Kitabu cha Aristotle juu ya ushairi kilitoka Kiyunani kikaenda Kisiria, na kutoka Kisiria Abu Bishr Matta akakitia katika Kiarabu, katika karne ya 10. Njiani, tanzia ikawa madihi na futuhi ikawa hijaa. Ibn Rushd, mmoja wa wafafanuzi wakubwa wa Aristotle katika historia, akakieleza kitabu cha michezo ya kuigiza kana kwamba ni kitabu cha mashairi ya kusifu na ya kukashifu, akitafuta mifano yake katika kasida za Waarabu. Akili ya Ibn Rushd haikuwa na upungufu. Upungufu ulikuwa katika tafsiri ya tafsiri. Ikiwa yeye aliteleza, anayejiona salama mwenye kusoma Kiswahili kilichotoka Kiingereza ana ujasiri wa ajabu.

Hoja ya pili ni kwamba elimu hii ni anasa katika visiwa vyenye shida nyingi. Hakuna aliyetaka kila mtoto wa shule anyambue vitenzi vya Kiyunani. Watu watatu au wanne wa kizazi kimoja, wenye bidii, watatosha kuwahudumia mamilioni wasomao Kiswahili. Wala gharama si kisingizio tena. Maandiko ya Wayunani yamo katika maktaba ya mtandaoni ya Perseus, na diwani za Waajemi zimo katika Ganjoor, na kwa kuzisoma hakuna anayetozwa senti.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi barazani: kwamba huku ni kukimbilia ya wageni na kuyaacha ya kwetu. Wenye kuisema huisema kwa maneno ya Kiajemi na Kiyunani. Bandari, nahodha, nanga, bustani, dirisha, rangi na pamba zina asili ya Kiajemi. Falsafa, kanuni na karatasi zilitoka kwa Wayunani zikapita katika Kiarabu, na kalamu inanasibishwa na kalamos yao, yaani tete. Kikundi cha taarab cha Unguja kilichoasisiwa mwaka 1905 kilijiita Ikhwani Safaa, jina la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10 ambao nyaraka zao zimejaa hekima ya Kiyunani. Na nai, ambayo msikilizaji wa taarab asilia anaijua sauti yake, ndiyo inayolalamika mwanzoni mwa Masnavi ya Rumi kwa kukatwa kutoka matetini kwake. Wapo pia wanaotaja nasaba ya Kishirazi kwa kifua mbele, na Nairuzi huiadhimisha kila mwaka, ambao hawawezi kusoma mstari mmoja wa Saadi wala wa Hafiz, wana wa Shiraz waliozikwa Shiraz. Mwacha asili ni mtumwa, husema. Nao asili yao wanaisoma kwa Kiingereza.

Pwani haikuwa hivi zamani. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, Sayyid Aidarus wa Pate alipoileta Hamziya ya Busiri katika Kiswahili, aliitoa katika Kiarabu chake, na wanakili wakaweka maneno ya lugha zote mbili pamoja, ili msomaji apime mwenyewe. Huo ndio mwendo wa wanazuoni. Aliyefasiri alikuwa tayari kusutwa na asili.

Mwendo huo waweza kurudi, na pa kuanzia ni Kiajemi. Aliyesoma chuoni ana herufi zake zote isipokuwa nne, na hizo nne baadhi ya waandishi wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu waliwahi kuziazima ili kupata p na ch. Maneno mengi ya Kiarabu yaliyomo atayakuta ni jamaa zake. Gulistan ya Saadi, iliyokamilika mwaka 1258, ndiyo iliyokuwa kitabu cha kufundishia Kiajemi kwa karne nyingi huko India, na yaweza kuwa hivyo Unguja na Lamu. Kiyunani kitafuata, nacho ni kigumu na hakuna sababu ya kukipamba. Lakini kizazi kilichohifadhi juzuu thelathini hakiwezi kuogopa herufi 24.

Wakati huo ukingojwa, wachapishaji wana wajibu mmoja usiohitaji hata senti. Kila kitabu cha Kiswahili kinachoitwa tafsiri kiandikwe wazi katika jalada kimefasiriwa kutoka lugha gani. Khayyam wa FitzGerald aitwe hivyo, na Plato wa Kiingereza aitwe hivyo. Msomaji akishajua anachonunua, ataanza mwenyewe kuuliza kitambaa chenyewe kiko wapi. Na atakayetaka kukifikia asidanganywe kwamba kitaletwa na upepo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.