Sheria ya Ziwa Ianzie Dukani

Katika mabishano yote yanayoendelea juu ya Ziwa Tanganyika, kuanzia vikao vya wakubwa hadi vijiwe vya wavuvi wa Rumonge, Minago na Nyanza-Lac, lipo jambo moja ambalo kila mtu analijua na ni wachache wanaolitamka. Nyavu haramu zinazochomwa moto ufukoni hazitengenezwi ufukoni. Hutengenezwa viwandani, hufungwa marobota, huvuka mipaka, hupakuliwa ghalani na kuuzwa mchana kweupe. Mtu wa mwisho kuzishika ni kibarua mwenye kasia, naye ndiye wa kwanza kukamatwa. Sisi tunasema kwamba utaratibu huo umesimama kichwa chini miguu juu, na wakati umewadia wa kuusimamisha sawasawa.

Hatusemi hivi kwa nia ya kuwatetea wavunja sheria. Ndagala wachanga, kabla ya kwenda kuishi katikati ya ziwa, hukulia karibu na pwani. Lumpu nao huzaana huko huko. Kwa hiyo mtu anayevuta kokoro ufukoni, au anayekokota chandarua cha mbu majini, havuni mazao, anakula mbegu. Tena mukeke, ambaye ni fahari ya meza zetu, chakula chake ni hao hao ndagala. Akikosekana mdogo, mkubwa naye hukosekana. Hilo halina mjadala, na anayelifanya kwa makusudi anastahili adhabu.

Lakini adhabu isiyofika kwenye shina la uovu ni kupogoa matawi tu. Na kabla ya kulitazama shina hilo, yafaa kwanza tulifahamu ziwa lenyewe, kwa sababu ukubwa wake umewadanganya wengi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, na kina chake kinafikia mita 1,470. Duniani kote hakuna ziwa lenye kina kirefu kulishinda, isipokuwa Baikal la Urusi. Ajionaye tajiri kwa kuyatazama maji hayo, na akumbuke kwamba hewa wanayoivuta samaki haishuki hata mita 250. Chini ya hapo ni giza na maji yasiyofaa kwa samaki. Ghala ni kubwa, lakini kilichomo ni cha rafu ya juu peke yake. Na rafu hiyo tunagawana nchi nne: Kongo asilimia 45 hivi, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6.

Sasa tutazame jinsi mkono wa binadamu ulivyorefushwa. Mababu walivua kwa mwenge na lusenga, na giza la usiku likawa mlinzi wa samaki. Katika miaka ya 1950 wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Usumbura walileta meli zenye nyavu za kuzungusha. Taa za karabai zikaenea, na mitumbwi miwili ikaunganishwa ili kubeba wavu mmoja wa kuinua. Baadaye ikaja ile mitambo mikubwa iitwayo apolo. Leo karabai nayo inastaafu, na mahali pake zimeshika taa za betri na za nguvu za jua, ambazo hazinywi mafuta wala hazizimwi na upepo. Kufikia miaka ya 1990 zile meli za Wagiriki zilikuwa zimefifia upande wetu wa kaskazini, kwa kuwa samaki hawakutosha tena kuzilipa. Hilo lingetosha kuwa funzo. Badala yake, sensa ya mwaka 1995 ilihesabu wavuvi wapatao 45,000 katika ziwa zima, na ile ya mwaka 2011 ikahesabu karibu 95,000.

Wapo wanaosema kwamba lawama yote ni ya joto la dunia. Ni kweli kwamba joto lina sehemu yake. Wataalamu walioandika katika jarida la Nature mwaka 2003 walieleza kwamba maji ya juu yamepata joto, na kwa hiyo hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Rutuba iliyoko kilindini haipandi juu, na mimea midogo inayolisha viumbe wote imepungua kwa asilimia 20 hivi. Walikadiria kwamba upungufu huo waweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Tunaupokea ushahidi huo kwa heshima. Lakini tunakataa katakata kuufanya mto wa kulalia. Mkulima ambaye mvua zake zimepungua haongezi idadi ya vinywa vinavyokula mbegu ghalani; hupima debe na kuweka akiba. Kama ziwa linazaa kidogo kuliko zamani, basi hiyo ni sababu ya kuchukua kidogo, wala si udhuru wa kuchukua chote.

Wengine wanasema dawa ni kulifunga ziwa. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika maji yake kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Sisi tunaunga mkono wazo la kulipumzisha ziwa, kwani hata mwezi mpevu huwapumzisha wavuvi wa ndagala siku kadhaa kila mwezi, wala hakuna aliyekufa kwa hilo. Hata hivyo, miezi mitatu si siku chache. Ndagala hana pasipoti, na anayelala Kigoma leo aweza kuamkia maji ya jirani kesho. Kwa hiyo kufunga kuna maana pale tu ambapo nchi zote nne zinafunga tarehe moja na kufungua tarehe moja. Mkataba wa kulitunza ziwa ulitiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa hapa Bujumbura. Kazi ya mkataba ni kutekelezwa, si kutundikwa ukutani. Tena kibarua wa mtumbwini, ambaye hulipwa kwa fungu la samaki, aelezwe mapema, na aandaliwe kazi au mkopo wa kumvusha. Mwenye njaa haambiwi asubiri bila kuambiwa atasubiri akila nini.

Kundi la tatu linasema: pelekeni askari. Hapa sisi tuvaao sare tunao wajibu wa kusema bila kificho, maana askari ndiye anayetumwa usiku, na askari ndiye anayelaumiwa asubuhi. Uganda iliingiza wanajeshi katika maziwa yake mwaka 2017. Nyavu na mitumbwi isiyo halali ilichomwa kwa wingi, na biashara ya sangara ilipata nafuu. Lakini malalamiko ya wananchi juu ya vipigo yalifika hadi Bungeni. Funzo lake ni wazi. Askari aweza kuuchoma wavu, lakini hawezi kukichoma kiwanda kilichoutengeneza, wala ghala lililouhifadhi. Kesho yake mwenye chombo, ambaye usiku ule alikuwa amelala kitandani mwake mjini, hununua wavu mwingine dukani na kumtuma kibarua mwingine. Doria moja hula petroli nyingi, na hakuna Mrundi asiyekumbuka foleni za petroli za miaka ya 2022 hadi 2025. Kutumia mafuta adimu kumkimbiza gizani mtu mmoja mmoja, wakati robota zima limekaa dukani na mlango uko wazi, ni kuteka maji kwa pakacha.

Tufikiri pamoja. Wavu haramu ukikutwa Rumonge, ni mambo mawili tu yawezekanayo. Ama ulipita forodhani na ushuru wake ukapokewa, au uliingia kwa magendo. Kama ulilipiwa ushuru, basi dola imepokea fedha kwa mkono wa kulia na kuwasha kiberiti kwa mkono wa kushoto, na mvuvi ana haki ya kuuliza ni mkono upi alioupaswa kuutii. Kama uliingia kwa magendo, basi kosa lilianzia mpakani, na huko ndiko kwa kulitafuta. Kwa vyovyote vile, mkosaji wa kwanza si yule kijana mwenye kasia.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo yanayofanyika, yasiyohitaji mkopo wa kigeni wala semina ya hotelini.

Kwanza, asiwepo mtu wa kuagiza au kuuza nyavu za uvuvi bila leseni ya pekee. Kila robota lipimwe macho yake forodhani kabla ya kutolewa, na muuzaji awe na daftari linaloonyesha alinunua wapi na alimuuzia nani. Tangu mwaka 2025 nchi yetu ina mikoa 5 badala ya 18, na komine 42 badala ya 119. Komine ya Rumonge, iliyomo sasa katika mkoa wa Burunga, ni pana na ina nguvu zaidi kuliko ya zamani. Haishindwi kuyakagua maduka ya nyavu yaliyomo katika mipaka yake.

Pili, wavu haramu ukikamatwa, swali la kwanza liwe: nani aliuuza? Kibarua akimtaja muuzaji na ushahidi ukapatikana, adhabu nzito imwendee muuzaji na mwenye chombo, na kibarua apewe iliyo nyepesi. Walanguzi wa nyavu watakapoona kwamba faini inabisha hodi dukani, biashara hiyo itawachacha midomoni.

Tatu, idadi ya taa kwa kila chombo iwekewe mpaka. Hatuzichukii taa za nguvu za jua. Zimewaondolea wavuvi gharama ya mafuta ya taa na moshi wake. Lakini taa iliyo rahisi kuwashwa ni rahisi pia kuongezwa, na chombo chenye taa nyingi humlazimisha jirani yake aongeze za kwake, mpaka wote wamegharimika na samaki ni wale wale.

Nne, samaki wahesabiwe. Siku hizi kila anayetaka kuonekana msomi hudai tununue droni za kulinda ziwa, na programu za simu za kufuatilia mitumbwi. Hatuyakatai maendeleo. Tunauliza tu: droni itamlinda nani, ikiwa hatujui ni kilo ngapi zilizoshuka Rumonge jana? Mizani, daftari, na karani mwaminifu katika kila mwalo, na hesabu itangazwe kila mwezi redioni na gazetini. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza. Hizo nyingine zitafuata, na zitakuwa na kazi ya kufanya.

Yapo pia maarifa ambayo hayaongezi mkono wa kuchukua, bali huhifadhi kilichokwisha kuchukuliwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limeonyesha kwa vitendo katika pwani ya Burundi kwamba ndagala wakianikwa juu ya vichanja vya wavu, badala ya kutandazwa mchangani, hukauka upesi na safi zaidi, hawaliwi ovyo na kuku wala kukanyagwa, na mvua ikinyesha huokolewa kwa urahisi. Kichanja hakina injini wala betri, na mafundi wa kukijenga tunao. Mama mwanikaji anayepoteza sehemu ya mali yake kila msimu wa mvua hahitaji samaki zaidi kutoka ziwani. Anahitaji kuacha kupoteza alionao. Basi benki na vyama vya ushirika vinavyokimbilia kukopesha injini na taa, vijifunze kukopesha vichanja, maturubai na maghala makavu. Faida yake ni ile ile, na ziwa halidaiwi kitu.

Tunajua kwamba watasimama wafanyabiashara na kusema kwamba tunaingilia uhuru wa soko. Jibu letu ni fupi. Soko la Rumonge lilijengwa juu ya mawese na samaki. Mchikichi una shamba la mtu, na mwenye shamba huulinda. Samaki hana shamba la mtu. Shamba lake ni la wote, na mlinzi wake ni dola. Anayeuza silaha ya kuliangamiza shamba la wote hafanyi biashara. Anawaibia majirani zake, na hata wateja wake mwenyewe, maana siku samaki watakapokwisha, nyavu zake atamuuzia nani?

Taifa limejiwekea dira ya kuwa nchi inayoinukia ifikapo mwaka 2040, na nchi iliyoendelea ifikapo mwaka 2060. Dira hiyo ni njema. Lakini mtoto atakayekuwa mtu mzima mwaka 2040 amekwisha kuzaliwa, na kitoweo chake cha bei nafuu kuliko vyote, katika pwani hii yote, ni ndagala. Akikosa kitoweo hicho utotoni, hakuna mpango wa maendeleo utakaomrudishia.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana ya forodha, biashara, uvuvi na utawala wa komine wakae meza moja, nao wawaite wawakilishi wa wavuvi na wa mama wanikaji. Wasianze na ramani ya doria. Waanze na orodha ya maduka. Askari wa majini wataendelea kutimiza wajibu wao usiku, kama walivyoapa. Nao wenye madaftari na mihuri watimize wa kwao mchana, ili yule anayekutwa majini na wavu asiwe tena mtu pekee anayejibu kwa niaba ya wote waliouleta.