Springi Haziongezi Breki

Wapo wenye pikapu wa Kibaha na Kisarawe ambao, waonapo gari limebonyea nyuma kwa uzito wa tela, hukimbilia kwa fundi kuongeza springi. Gari huinuka, nao hujiona wamemaliza kazi. Huko ni kujidanganya! Springi zilizochoka zibadilishwe, hilo hatulipingi. Lakini springi ya ziada haiimarishi ekseli wala haiongezi breki.

Nyuma inapolemewa, matairi ya mbele hupungukiwa mshiko, usukani hautii, na taa humpofusha ajaye. Katika miteremko ya vilima vya Pugu, au katikati ya malori ya Barabara ya Morogoro, huko ni kuchezea roho za wananchi.

Magunia ya mihogo yasirundikwe mbele ya tela. Uzito ukae juu ya magurudumu yake, na asilimia 10 hivi tu ilalie kiungio cha gari. (Anayesukuma mzigo wote nyuma naye anakosea: tela litayumba.) Gari likizidi kubonyea, mzigo upunguzwe. Mwenye mali atalalamika kwamba safari ya pili ni gharama ya mafuta. Je, gharama hiyo ailipe mtembea kwa miguu?