Wananchi Wapewe Elimu: Filamu ya 1946 Ambayo Haijaisha

Masika ya mwaka huu yametufungia ndani. Kwa wiki tatu vilele vya Uluguru havijaonekana kutoka mjini Morogoro, na jioni, umeme unapokuwepo, nimekuwa nikitazama filamu za zamani sebuleni pamoja na watu wa nyumbani kwangu. Nilianza kwa kujiburudisha. Nimemaliza nikiwa na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu ninaowaheshimu: wanafunzi wangu, maofisa wa serikali niliosoma nao, wanaharakati ninaokaa nao kwenye warsha, na mimi mwenyewe.

Filamu iliyoanzisha ugomvi huu inaitwa Men of Two Worlds. Iliongozwa na Mwingereza Thorold Dickinson, ikatoka mwaka 1946. Kisa chake kimewekwa Tanganyika. Kisenga, mtunzi wa muziki na mpigaji piano aliyekaa London miaka 15, anarudi nyumbani kumsaidia Bwana Shauri aitwaye Randall kuwahamisha watu wa kijiji cha Marashi, kwa sababu mbung'o wamekaribia na malale yanakuja. Mganga wa kijiji, Magole, anapinga. Anamtia Kisenga hofu ya uchawi hadi msomi huyo, pamoja na London yake yote, anakaribia kufa. Mwishoni Kisenga anapona, Magole anashindwa, na kijiji kinahama.

Tuitendee haki filamu hii. Malale hayakuwa hadithi. Yaliua watu, na serikali ya kikoloni kweli iliwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu hiyo. Tena, kumweka mtu mweusi msomi na mwenye heshima katikati ya filamu ya Kiingereza ya mwaka 1946 halikuwa jambo dogo. Waliotengeneza filamu hii hawakumchukia Mwafrika. Walimtakia mema. Kinachonisumbua ni jinsi walivyoyapanga mema hayo.

Hesabu wahusika. Yuko mtaalamu, ambaye anajua. Yuko msomi wa Kiafrika, ambaye kazi yake ni kumtafsiria mtaalamu kwa ndugu zake. Yuko mganga, ambaye anapinga kwa sababu anatetea cheo chake. Halafu uko umati. Umati unacheza ngoma, unaogopa, unadanganywa, kisha unaokolewa. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya umati huo ambaye anapinga kwa sababu ana hoja. Ukipinga, ama wewe ni mganga, ama umerogwa.

Mama mkubwa wangu, aliyeshuka kutoka Matombo kwa ajili ya matibabu ya macho, alitazama nasi huku nikimtafsiria. Piano haikumgusa. Katikati ya filamu aliuliza: "Huko wanakopelekwa, shamba ni la nani?" Nilimjibu kwamba sikuwa nimemsikia mtu yeyote akiliuliza hilo. "Basi huyo mganga ana haki ya kugoma," akasema, na akaomba chai.

Msomaji asiyewajua Waluguru anaweza kudhani ni swali la kizee. Kwa desturi yetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Ukimwondoa mtu kwenye shamba la ukoo wake na kumpeleka kwenye la wengine, umemgeuza mgeni, na mgeni hulima kwa kuomba. Swali la mama mkubwa lilikuwa swali la kisheria, la kiuchumi na la kisiasa kwa pamoja, na filamu nzima yenye daktari, Bwana Shauri na msomi wa London ndani yake haikulipatia nafasi.

Ana sababu ya kuuliza. Mwaka 1955 alikuwa msichana mdogo huko huko Matombo. Tangu kuanza kwa muongo ule serikali ya kikoloni ilikuwa ikiendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao watu waliuita kwa jina moja tu: matuta. Wataalamu waliona udongo unamomonyoka milimani, na hawakukosea. Dawa yao ilikuwa kulazimisha kila kaya kuchimba matuta mapana ya ngazi kwenye miteremko. Ambaye hakuchimba alishtakiwa. Mzigo mkubwa wa jembe uliwaangukia wanawake. Na baada ya jasho lote hilo mazao mahali pengi yalikuwa hafifu, kwa kuwa udongo wa juu wa Uluguru ni mwembamba. Ukichimba tuta pana unafukia rutuba na kuuanika udongo usiofaa kitu.

Wakulima walilijua hilo kwa mikono yao. Walikuwa na utaratibu wao wa ngazi ndogo ndogo: unalaza majani na magugu kwa kukingama mteremko, unayavutia udongo kutoka juu, yanaoza na kuwa mbolea papo hapo. Wataalamu wa udongo waliokuja kuuchunguza utaratibu huo miaka ya baadaye waliona kwamba una akili ndani yake. Lakini katika miaka ya 1950 aliyesema "matuta haya yanaua shamba" alihesabiwa kuwa mkaidi au mtu aliyechochewa na wanasiasa. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, polisi wakaletwa, na mtu akauawa. Mpango ule ukafa. Viongozi wa TANU, chama kilichokuwa na mwaka mmoja tu, walijifunza hapa kwamba mkulima aliyechoshwa na amri ni nguvu kubwa kuliko hotuba yoyote.

Sasa wako watakaoniambia: hayo ni ya mkoloni, sisi tulipata Uhuru. Kweli tulipata. Tulibadilisha waigizaji, mchezo tukaubakiza.

Nasema waigizaji, na kuna mahali ambapo neno hilo si mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya serikali ya Tanganyika, na katika Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu alikuwa kijana mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Kabla yake, kati ya 1935 na 1937, wazungu waliopiga kambi Vugiri katika milima ya Usambara walitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kuhusu minyoo, kodi na kuweka akiba posta. Bwana William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu cha makoloni, aliamini kwamba Mwafrika anahitaji filamu yake maalumu: ya polepole, nyepesi, isiyomchanganya. Kawawa alipita katika shule hiyo, akatoka, akawa kiongozi wa wafanyakazi na mmoja wa wajenzi wa taifa hili. Heshima yake haipunguzwi na ninachotaka kusema.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kulazimisha. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wa kazi uwe 1976. Waziri Mkuu wa miaka hiyo alikuwa Kawawa. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa malori, wengine wakiziangalia nyumba zao zikibomolewa ili wasirudi. Shule, zahanati na maji yaliyoahidiwa yalifika kwa baadhi yao, na hilo ni jema ambalo halifai kufutwa. Lakini Randall angeitambua kazi hiyo mara moja. Mtaalamu anajua, msomi anatafsiri, anayekataa ni kikwazo cha maendeleo.

Usidhani mambo hayo yaliishia 1976. Mwaka 2022 tulianza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, Handeni. Sitaamua shauri hilo kwa aya moja. Wapo waliohama kwa ridhaa na wapo waliokataa, na kila upande una maneno yake. Nauliza tu kama swali la mama mkubwa, shamba la huko ni la nani, liliulizwa mwanzo au mwisho.

Jioni nyingine tulitazama Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962 na kupigwa kaskazini mwa nchi yetu, upande wa Arusha. John Wayne anakimbiza vifaru na twiga, na nchi iliyopata Uhuru Desemba iliyotangulia inaonekana kama uwanja mpana ambao kwa bahati nzuri una vibarua. Watoto waliipenda, nami sikuwakataza. Lakini ukiitazama baada ya ile ya 1946 unaona ni ndugu. Moja inasema watu wapo ila hawajui. Nyingine inasema wanyama wapo, na watu tutawaona baadaye. Sera zetu za uhifadhi zimelelewa na filamu zote mbili.

Halafu iko Arusi ya Mariamu. Hii ni ya mwaka 1985, fupi, haizidi dakika 40, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill. Mariamu anaumwa ugonjwa ambao hospitali haiuwezi, na tangu utotoni anawaogopa waganga. Mada ni ile ile ya 1946: hospitali na mganga, hofu na dawa. Lakini hapa mganga ni mtu mwenye ujuzi, mgonjwa ni mtu mwenye historia, na hofu yake ina chanzo kinachoweza kuulizwa na kujibiwa. Filamu haitutaki tuchome hospitali. Inataka mgonjwa asikilizwe. Tukumbuke kwamba Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, kwa hiyo wazo hilo halikuwa ndoto ya wasanii peke yao.

Mama mkubwa hakuomba chai wakati wa filamu hiyo.

Nilipowauliza wanafunzi wangu darasani, hakuna aliyewahi kuisikia. Taifa hili lilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968 na Taasisi ya Picha na Sauti mwaka 1974. Vyombo vyote viwili havipo tena, na kijana wa Kitanzania leo hupata kwa urahisi zaidi filamu zilizomdharau babu yake kuliko zile zilizomsikiliza.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu. Kila mwaka husoma tasnifu za wanafunzi. Zinatofautiana kwa mada: ufugaji, vyanzo vya maji, lishe, chanjo, misitu. Mwishoni zote hufika kwenye sentensi moja: wananchi wapewe elimu. Mtafiti amekaa kijijini siku tano, amejaza dodoso, amegundua kwamba watu hawafanyi kama mradi ulivyotaka, na amehitimisha kwamba hawaelewi. Taarifa za halmashauri zina sentensi hiyo hiyo. Maandiko ya asasi zetu za kiraia yanayo pia, yakiwa na bajeti ya posho chini yake.

Mimi mwenyewe niliiandika. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika timu iliyopanda milimani kuangalia kwa nini wakulima wameacha kupanda miche waliyogawiwa. Tulikaa siku mbili. Niliandika kwamba uelewa wa jamii ni mdogo, nikalipwa. Baadaye niliambiwa na jamaa wa huko kwamba miche ilipandwa kwenye mashamba ya kuazima, na anayepanda mti wa kudumu kwenye shamba la ukoo mwingine anaonekana anataka kulinyang'anya. Walielewa vizuri kuliko sisi. Katika filamu ile mimi ndiye Kisenga, tena bila piano.

Najua jibu la wenzangu maofisa: misitu inakatwa, mito inakauka, Dar es Salaam inakunywa maji ya Ruvu ambayo vyanzo vyake viko juu ya vichwa vyetu hapa, je, tusubiri kila bibi aulizwe? Nakubali hatari ni ya kweli. Mmomonyoko wa 1950 nao ulikuwa wa kweli, na malale yalikuwa ya kweli. Lakini uharaka ule ulituletea matuta yaliyoua mashamba na kumuua mtu, kisha udongo ukaendelea kushuka. Kutouliza hakukuokoa hata wakati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeuweka mkutano mkuu wa kijiji mahali pa kutoa uamuzi. Sisi tumeufanya mahali pa kusaini mahudhurio.

Kwa hiyo naweka masharti yangu hadharani. Mtumishi wa umma anayepanda Matombo, Mgeta au Kinole na mpango mkononi, aandike kwanza hoja tatu za wanaoupinga, kwa maneno yao, kabla ya kuandika neno uhamasishaji. Mwanaharakati aseme ni mara ngapi mradi wake ulibadilishwa na wanakijiji. Kama ni sifuri, asiuite shirikishi. Vyuo vyetu vizitafute filamu zetu za zamani popote zilipo na kuzionyesha, zile mbaya pamoja na zile njema, kwa kuwa zile mbaya ndizo zinazotufundisha kujitambua.

Na wewe mwanafunzi wangu, muhula ujao, ukiniletea tasnifu inayoishia kwa "wananchi wapewe elimu" bila kunionyesha kwamba uliwauliza wanachokijua, nitairudisha. Mama mkubwa amekwisha rudi Matombo. Anwani ya nyumba yake ninayo, na nauli si kubwa.